Nyekundu ya Saa Ngapi? Mwanga na Rangi katika Uchoraji wa Maua

Majina mengi ya rangi katika Kiswahili yametokana na vitu. Kijani imetoka kwenye jani, zambarau kwenye tunda, kahawia kwenye kahawa, na waridi kwenye ua lenyewe. Majina haya ni rahisi kukumbuka, lakini yanatuzoesha kuamini kwamba rangi ni mali ya kitu: jani ni la kijani, basi, asubuhi na jioni. Insha hii inadai kwamba Waimpreshonisti wa Ufaransa waliivunja imani hiyo walipochora maua, na kwamba mchoraji wa hapa Mengo anapaswa kuazima swali lao, si rangi zao.

Tuchukue mfano wa Coquelicots, picha ya Claude Monet ya mwaka 1873, iliyoonyeshwa katika maonyesho yao ya kwanza jijini Paris mwaka 1874. Ni shamba la maua mekundu kwenye mteremko, na mwanamke na mtoto wakipita kando yake. Ukiisogelea, maua hayana petali wala vikonyo. Ni madoa ya rangi, na yale ya mbele ni makubwa kupita kiasi. Ukirudi nyuma hatua chache, shamba linachangamka. Monet hakuchora ua moja moja. Alichora jinsi wekundu unavyolifikia jicho mchana wa kiangazi. Wekundu huo unapata nguvu kwa kuwekwa kando ya kijani, jambo ambalo mwanakemia Michel Eugène Chevreul alikuwa amelieleza katika kitabu chake cha mwaka 1839: rangi mbili zikikaa jirani, kila moja huibadilisha nyenzake.

Hadi hapo hakuna ugomvi. Ugomvi unaanza tunapohamisha picha badala ya swali. Picha za maua zinazouzwa kwa wageni hapa Kampala mara nyingi zina vivuli vya buluu na zambarau hafifu, na jioni ndefu yenye ukungu. Huo ni mwanga wa Giverny, kijiji alikohamia Monet mwaka 1883. Kiko karibu nyuzi 49 kaskazini mwa ikweta. Huko jua halifiki utosini hata siku moja katika mwaka, na machweo ya kiangazi huenda polepole.

Mengo iko chini ya nusu nyuzi kutoka ikweta. Mwezi Machi na Septemba, karibu saa saba mchana, jua husimama utosini na kivuli cha mti hujikunja chini ya mti wenyewe. Jioni, giza huingia upesi. Tena ardhi yetu ni nyekundu. Jua likiipiga, hurudisha mwanga juu, na upande wa chini wa jani hupata wekundu ambao Monet hakuwa na sababu ya kuuchora.

Tutazame mti ambao Waganda huuita kifabakazi. Maua yake ni vikombe vya rangi ya moto vyenye ukingo wa njano, na hukaa juu ya majani. Anayepita chini yake huyaona yakiwa mbele ya anga nyeupe ya mchana, nayo huonekana kama makaa yanayozimika. Anayesimama kwenye kilima cha Namirembe na kutazama chini kuelekea Mengo huona mti uleule ukiwaka, kwa sababu jua linayapiga maua usoni. Baada ya mvua, vikombe vikiwa na maji, wekundu hubadilika tena. Ipi ndiyo rangi ya kifabakazi? Mchoraji akijibu “nyekundu” na kufungua kopo, hajatazama bado.

Huenda mtu akapinga kwamba hata swali hilo ni la kigeni. Hofu hiyo ina historia hapa hapa. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya; aliwahimiza wachore kutoka kwenye kumbukumbu na hadithi. Alikuwa na haki ya kuhofia kuiga. Lakini kuiga na kutazama ni mambo mawili. Anayeuliza mwanga wa saa saba unalifanya nini ua la Mengo hawezi kupata jibu Giverny, hata akitaka.

Wajibu huu unatuhusu na sisi tunaohakiki kwa Kiswahili. Tukiandika “maua mekundu yanapendeza,” tumelirudisha ua kwenye kopo. Lugha inayo maneno ya kazi hii: kuiva, kukoza, kufifia, kung’aa, kupauka. Yote ni vitenzi, na kitenzi hubeba wakati. Mhakiki akivitumia, atalazimika kumwambia msomaji wekundu anaousifu ni wa saa ngapi.