Kung'arisha si Istilahi: Juu ya Maneno ya Unadhifishaji wa Magari ya Spoti

Istilahi ya kazi haina budi kumwambia mfanyakazi mkono wake unafanya nini. Kipimo hiki ni chepesi, lakini maneno mengi yanayotumika katika kazi ya kusafisha, kurekebisha na kuhifadhi magari hayakifikii. Katika makala hii tunakusudia kuyachambua machache kati yake. Tumechukua mfano wa gari la spoti kwa sababu mwenye gari hilo hulitazama kwa karibu zaidi, na kosa la neno hudhihirika juu ya bodi yake upesi kuliko juu ya lori.

Tuanze na jina la gari lenyewe. Tafsiri ya "gari la michezo" imeenea katika maandishi, nayo haitoshi. Msomaji akikutana nayo aweza kudhani kwamba ni gari la kuchukulia wachezaji, au hata gari la kuchezea watoto. Datsun 240Z, iliyoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena mwaka 1973, iliitwa hivyo kwa umbo lake la chini, viti vyake viwili na wepesi wake barabarani, wala si kwa kuhudhuria michezo. Neno "spoti" limekwisha kupata uraia katika magazeti yetu. "Gari la spoti" linaeleweka bila ufafanuzi, nasi tunalipendekeza.

La pili ni jina la kazi. "Kuosha gari" ni sehemu tu ya kazi hiyo, kwa maana kuosha huishia kwenye maji na sabuni. Anayelishughulikia gari la spoti ndani na nje huliosha, hunasa uchafu ulioganda kwenye rangi, hupunguza mikwaruzo, hupaka kinga, kisha huingia ndani kushughulikia viti, mazulia, dashibodi, usukani na vioo. Wako wanaosema "upambaji wa gari", lakini gari hupambwa siku ya arusi, kwa maua na tepe. Wengine husema "usafishaji wa kina". Neno hilo ni bora kuliko lile la kwanza, ila linakomea kwenye uchafu, hali nusu ya kazi ni kurekebisha na kukinga. Tunaona kwamba "unadhifishaji", kutokana na kitenzi kunadhifisha, linabeba yote mawili, yaani usafi na umaridadi, bila kuazima chochote.

Tatizo kubwa, hata hivyo, ni neno "polishi" na mwenzake "kung'arisha". Katika nyumba zetu tumelijua neno polishi kwa viatu na sakafu. Dawa hizo aghalabu hutengenezwa kwa nta. Hupakwa, hubaki juu ya ngozi au saruji, na kila zinapopakwa tena huongeza kinga. Mtu aliyekuzwa na maana hiyo akiambiwa apige polishi gari lake, atatarajia kwamba analiongezea kitu. Lakini dawa inayoitwa hivyo katika kazi ya magari ina chembe ndogo ngumu zinazosaga. Inapozungushwa kwa mashine au kwa kitambaa hula sehemu ya juu ya rangi, mpaka kingo za mikwaruzo zilingane na uso uliobaki, na mwanga urudi bila kutawanyika. Mng'ao huo umepatikana kwa kupunguza. Nta, kwa upande wake, hukaa juu ya rangi na kuzuia maji na uchafu. Nta inayosifiwa sana katika kazi hii hutokana na majani ya mti wa jamii ya mnazi uotao kaskazini-mashariki mwa Brazili. Basi tuna vitu viwili vilivyo kinyume, kimoja hutoa na kingine hutia, navyo vyote viwili huitwa polishi, na matendo yake yote mawili huitwa kung'arisha.

Je, madhara ni yapi? Tangu miaka ya 1980, magari mengi yamekuwa yakipakwa juu ya rangi yake tabaka lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita kliya. Sisi tunapendekeza liitwe "tabaka angavu". Tabaka hilo kwa kawaida lina unene wa maikromita 40 hadi 50 hivi, ambao ni mdogo kuliko unene wa unywele mmoja wa kichwani. Ndilo linalozuia miale mikali ya jua isiifikie rangi. Nta yaweza kupakwa tena kila baada ya miezi michache bila hasara. Dawa ya kusaga hutumiwa pale tu mikwaruzo inapolazimisha, kwa kuwa kinacholiwa hakirudi. Anayeitumia kila mwezi akidhani anapaka kinga atafika siku moja mahali ambapo tabaka angavu limekwisha, na hakuna dawa iliyobaki isipokuwa kupaka rangi upya.

Tena jicho halitamsaidia. Katika magari mengi ya miaka ya 1960 na 1970, ambayo rangi yake haikufunikwa na tabaka jingine, kitambaa kilichosugua bodi nyekundu kilitoka chekundu, na fundi aliona kwa macho yake kwamba rangi inaondoka. Katika magari ya leo kinacholiwa hakina rangi, hivyo kitambaa hakitoi ushahidi ule. Iwapo jicho haliwezi kutoa onyo, ni neno linalopaswa kulitoa.

Kiswahili kina neno la kutoa onyo hilo tangu zamani. Msasa ni mti ambao majani yake makavu yana ukali, na wahenga waliyatumia kulainishia mbao kabla ya karatasi ya dukani kufika na kurithi jina hilo. Hakuna seremala asiyejua kwamba msasa hupunguza. Kwa hiyo tunapendekeza dawa ya kusaga iitwe "dawa ya msasa", kwa mfano wa dawa ya meno na dawa ya viatu, na kitendo chake kiitwe "kupiga msasa laini". Kile kingine kiitwe "nta", na kitendo chake "kupaka nta". "Kung'arisha" libaki kuwa neno la kueleza matokeo. Linafaa katika tangazo, lakini katika maelekezo halimwambii mtu ashike chupa ipi.

Kasoro ya namna hiyo imo pia katika "udongo", neno linalotumiwa kwa kile kidonge laini kinachopitishwa juu ya rangi iliyoloweshwa ili kunasa uchafu ulioganda. Mwanafunzi akilichukua neno hilo kama lilivyo, atapaka mchanga juu ya boneti. "Donge la kunasia" ni refu kidogo, lakini ni salama.

Ndani ya gari, neno la kuangaliwa ni "ngozi". Viti na usukani wa magari mengi ya spoti hufunikwa kwa Alcantara, kitambaa cha Kiitalia kilichotengenezwa kwa nyuzi za viwandani, chenye manyoya mafupi mithili ya ngozi iliyokwaruzwa. Maelekezo yakikiita ngozi, mtu atakipaka krimu ya ngozi, na manyoya yale yatashikamana. Hata ngozi halisi ya viti vya siku hizi mara nyingi imefunikwa kwa rangi na kinga kiwandani. Kwa hiyo usemi wa "kulisha ngozi" unaahidi jambo ambalo halitendeki, kwani mafuta mengi yapakwayo hubaki juu yakikusanya vumbi. Yatosha kusema "kusafisha na kukinga ngozi", na palipo na kitambaa paitwe kitambaa.

Wenzetu wengine watasema kwamba mafundi wamekwisha kuzoea "polishi", na kwamba lugha ni ya wasemaji, si ya kamati. Hoja hiyo ina uzito, na hatukusudii kumkosoa fundi mazungumzoni, kwa maana yeye chupa anaijua kwa harufu na kwa mkono. Lakini msomaji wa kibandiko, mwanafunzi wa ufundi na ofisa anayeandika mkataba wa kutunza magari ya idara hawana mkono huo. Mkataba unaosema "gari lipigwe polishi kila mwezi" waweza kutekelezwa kwa uaminifu wote na kuliharibu gari. Ukisema "lipakwe nta", hakuna atakayekosea.

Tunawaomba watafsiri, kila wakutanapo na kitenzi cha kung'arisha, wajiulize kwanza kama kitu kinaongezwa au kinapunguzwa, ndipo waandike. Walimu wa ufundi na mafundi wenye maneno yaliyo bora kuliko haya tunawakaribisha watuandikie.