Wapagazi Wako Wapi?

Waandishi chipukizi wenzangu, hadithi hii ya watoto tumeshaizoea: mwalimu anatoa kazi ya historia, marafiki watatu wanamwendea babu, babu anasimulia kurasa nne, darasa linapiga makofi. Basi! Ushirikiano gani huo, ikiwa aliyefanya kazi ni babu peke yake?

Chukua Nzega. Tuseme watoto wanachora njia ya misafara, Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Mmoja anamtaka Livingstone, aliyekaa Kwihara na Stanley mwaka 1872. Wa pili anamtaka Mtemi Mirambo, aliyefariki 1884. Wa tatu anauliza: na mizigo je, nani aliibeba? Anajibiwa eti watumwa. Hapo ndipo hadithi inapoanza! Kwani Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi huru, wakilipwa ujira kwa vitambaa na shanga. Lakini njia hiyohiyo ilipitisha mateka pia. Karatasi ni moja. Waandike neno gani?

Waache wabishane, jamani, watafute, wakubaliane wenyewe. Mtoto wa Nzega akifunga kitabu asimwonee aibu babu wa babu yake aliyeuza jasho, wala asiwasahau wale waliouzwa.