Boriti, Chokaa na Maji: Jinsi Jumba la Hurumzi Lilivyogeuzwa Hoteli

Mtu wa Ruhuwiko, huko bara, aliyezoea kujenga kwa tofali za kuchoma na kuezeka kwa bati, akitaka chumba kipana hununua mbao ndefu zaidi, na kizuizi chake ni bei tu. Lakini mwashi wa Mji Mkongwe wa Unguja alizuiliwa na mti wenyewe, kwani boriti ya mkoko, ikilazwa chini ya sakafu nzito ya mawe na chokaa, aghalabu haistahimili nafasi inayozidi mita 3 hivi baina ya ukuta na ukuta. Ndiyo maana vyumba vilitoka virefu na vyembamba, hata kwa matajiri.

Jumba la Hurumzi, katika mji huo huo, lanasibishwa na Tharia Topan, tajiri wa Kiismailia aliyesimamia forodha zama za Sultani Sayyid Barghash, akafariki mwaka 1891. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi ya namna hiyo yalitaifishwa, yakajaa wapangaji, na mapaa yakaachwa yavuje. Katika miaka ya 1990 Emerson Skeen na mwenziwe Thomas Green walilifanya la Hurumzi kuwa hoteli, wakatoa vyumba vichache vikubwa badala ya vingi vidogo, na juu ya paa wakaweka mahali pa kulia, wageni wakikaa chini juu ya mito. Wako watakaosema huo ni upotevu wa nafasi. Mimi nauona kuwa ni busara ya ujenzi, maadamu kila ukuta umebeba vichwa vya boriti, na kuutoboa ovyo ni kuiondolea sakafu mhimili wake.

Mushkili mkubwa ni maji. Ahali ya zamani walioga kwa ndoo na kata, ilhali mgeni ataka bomba chumbani mwake asubuhi na jioni. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa taratibu. Ukipakwa saruji, unyevu hufungika ndani pamoja na chumvi, na kichwa cha boriti huoza humo ukutani kusikoonekana, hata siku sakafu inapolegea chini ya kitanda. Beit al-Ajaib, jumba jingine la Mji Mkongwe lililojengwa 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 likiwa katika ukarabati, na fundi yeyote wa Unguja alitazame kabla ya kushika mwiko.

Kwa hiyo bafu hupangwa moja juu ya jingine ili maji machafu yashuke kwa njia moja, mabomba hupitishwa nje ya ukuta hata kama yachukiza macho, na lipu hurudishwa ya chokaa. Tangi nalo lina hisabu yake: la lita 1,000 likijaa lina tani 1 ya maji, na mahali pake ni pale kuta mbili nene zinapokutana, wala si katikati ya boriti, ingawa katikati ndiko mafundi wavivu hupendelea kwa kuwa ni karibu na ngazi.