Pembe Nne za Forodhani

Jua linapoelekea kuzama pale Forodhani, bustani ya ufukweni katika Mji Mkongwe wa Unguja, vijana huvua mashati, hurudi nyuma hatua kadhaa, kisha hukimbia na kujirusha baharini kutoka juu ya ukuta. Wageni na wenyeji hujipanga kuwatazama. Mimi huwapa mgongo. Nyuma yao, kwenye meza za vyakula, huwa kuna mtu anayepaka mafuta juu ya meza kwa kiganja, na jioni yangu haianzi mpaka mtu huyo aokote donge la kwanza.

Donge lenyewe ni dogo, kama yai la kuku. Ni unga wa ngano uliokandwa mchana, ukakatwa vipande, kila kipande kikaviringwa, kikalazwa kwenye mafuta na kufunikwa. Anayekuja kula tu hudhani mafuta yale ni ya kuzuia madonge yasigandane, kumbe yana kazi nyingine. Ngano ikikandwa hujenga nyuzi zinazovutika na kurudi kama mpira, na ukiilazimisha wakati huo hukunyata au huchanika. Ikiachwa saa kadhaa, nyuzi hulegea, ukaidi huitoka, na mafuta huilinda isikauke ngozi. Piza ya Zanzibar unayoila saa mbili usiku ilianza kupikwa ukiwa bado kazini kwako.

Fundi analibonyeza. Vidole vinaanzia katikati, vinasukuma kwenda nje, kiganja kinafuata, halafu anashika ukingo na kuuvuta kidogo huku, kidogo kule, mpaka unga unakuwa utando unaoonyesha rangi ya meza chini yake. Hatumii kijiti cha kusukumia chapati, kwa kuwa kijiti hakiwezi kumwambia ni wapi unga umekonda mno. Kidole kinaweza. Kisha anafanya jambo ambalo watazamaji wengi hawalioni: anachukua kipande kingine kidogo cha unga ambacho amekwisha kukinyoosha, anakitandika katikati ya ule utando mkubwa. Mimi hukiita kiraka. Fundi wa cherehani hutia kiraka nguo ikishachanika, lakini huyu anatia kabla, kwa sababu anajua uzito wote utakaa hapo.

Na uzito unakuja. Nyama ya kusaga iliyokwisha kupikwa, vitunguu vilivyokatwa vidogo vidogo, pilipili boga, jibini kidogo, kijiko cha mayonezi, na yai linalopasuliwa hapo hapo mbele ya macho yako. Anavivuruga haraka, kwa sababu yai likianza kutambaa kuelekea ukingoni kazi imeharibika. Anakunja upande mmoja, wa pili unaulalia, wa tatu, wa nne. Pembe nne zimetokea pale palipokuwa na duara. Ndipo anapouingiza mkono chini ya kifurushi hicho kibichi, chenye yai la majimaji ndani ya ngozi nyembamba kama ya manda ya sambusa, anakiinua mzima mzima na kukilaza juu ya chuma cha moto. Nimetazama jambo hili mara nyingi, na kila mara pumzi hunikaa kooni hapo.

Niliwahi kujaribu nyumbani. Unga niliukanda vizuri, niliuacha ulale, niliunyoosha hadi nikaridhika. Kiraka nilikiruka, nikidhani ni mazoea tu. Unga ulitoboka katikati, yai likamwagika kwenye kikaango na kukaangika nje ya mkate huku ndani pakibaki patupu. Tangu siku hiyo nikifika Forodhani hutazama kiraka kabla ya kitu kingine chochote.

Makaa nayo yana elimu yake. Moto ukiwa mkali, ngozi hubadilika rangi na yai likabaki bichi. Ukiwa hafifu, unga hunywa mafuta na kulegea. Fundi hana kifaa cha kupimia joto. Anasikiliza. Mlio wa mafuta huanza mpana na wa fujo, kisha maji ya vitunguu yakipungua huwa mwembamba, na hapo ndipo anapogeuza. Yai likishaiva limegeuka kuwa gundi: linashika nyama, linashika kiraka, linashika mikunjo yote, hata kisu kinapokata vipande hakuna kinachomwagika. Zile za ndizi na chokoleti watoto wanazipenda, nami sizikatai, ila mkono wa mtu huupimi vizuri mpaka umwone akifunga yai.

Jina la piza limewapoteza wengi. Wanalisikia, wanacheka, wanadhani watu wa Unguja wamejaribu kuiga kitu cha Italia wakakosea. Vuka uende Mombasa utamkuta ndugu yake akiitwa mkate wa mayai. Yemen na Hijazi yupo mutabbaq, unga uliokunjwa juu ya nyama na yai. Vuka bahari mpaka Malaysia na Indonesia, utaambiwa murtabak au martabak. Mutabbaq ni neno la Kiarabu lenye mzizi uleule uliotupa sisi neno tabaka, kwa hiyo tabaka juu ya tabaka ni lugha tuliyokuwa nayo kinywani siku zote. Majahazi yaliyokuja na kaskazi na kuondoka na kusi yalibeba watu, na watu hubeba wanavyokula. Sioni kwa nini chakula hiki kitafutiwe baba Italia ilhali ndugu zake wamejipanga kandokando ya bahari hii hii.

Waitaliano wenyewe, ambao huja Unguja kwa wingi, mara nyingi ndio wa kwanza kuelewa. Jioni moja nilisimama kando ya mama wa Kiitaliano aliyeuliza, kwa Kiswahili cha kujifunzia, tanuri liko wapi na nyanya ziko wapi. Fundi alimjibu kwa upole, “Hii ya hapa, mama. Simama kidogo utaona.” Alisimama. Utando ulipofika kuonyesha meza aliacha kuuliza. Kwao pia, huko Naples, mji wa bandari kama huu, ipo piza ya kuliwa barabarani ambayo hukunjwa mara mbili ikawa kama pochi, ukaila huku unatembea.

Mwaka 2017 UNESCO iliuweka ufundi wa wapika piza wa Naples katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Haikuandikwa piza, iliandikwa kazi ya mikono. Mji Mkongwe wetu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 kwa ajili ya majengo na mitaa yake, na bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ikafunguliwa upya mwaka 2009. Nashukuru kwa yote hayo. Lakini ng'ambo ya barabara tu kutoka kwenye meza hizi kuna Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Jiwe tunalijua likianguka, hata aliyelala usingizi huamshwa na kishindo. Mkono ukiacha kufundishwa haupigi kelele.

Ndiyo maana hufurahi nikimwona mwanafunzi mezani. Mwaka jana alikuwapo kijana, umri wa miaka kumi na sita hivi, aliyepewa madonge ya kujifunzia. La kwanza lilichanika, la pili likachanika. Fundi hakumnyang'anya. Alifuta mikono akasema, “Usiuvute, mwanangu. Ufuate.”

“Naam, fundi.”

Watu walikuwa wamepungua, taa za mashua zikicheza majini, wale wanaoruka ukutani wamekwenda zao. Chomboni lilibaki donge moja. Kijana alilibonyeza, akalifungua polepole, akaacha kila lilipokataa, akaanza tena upande mwingine. Unga ulipokwisha kutanda, fundi aliinama akaushika ukingo kwa vidole viwili, akauinua mbele ya taa. Mwanga ulipenya. Aliurudisha mezani bila neno, akamsogezea kile kipande kidogo cha kiraka.