Lakabu Si Kinyago Tu: Uhakiki wa Mijadala Kuhusu Majina ya Watumiaji wa Mitandao Katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Mijadala ya kisera kuhusu majina ya watumiaji wa mitandao huanzia kwenye dhana kwamba anayeacha jina la kitambulisho chake ana jambo analolificha. Makala haya yanahakiki dhana hiyo pamoja na ile inayopendwa na baadhi ya wahakiki wa fasihi, kwamba jina la mtandaoni ni mwendelezo tu wa lakabu za washairi. Kwa mifano ya Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, inaelezwa kuwa dhana zote mbili zinashindwa kujibu swali la msingi: mwenye jina amejificha kwa nani, na amejionyesha kwa nani?

Utangulizi

Mtu anapofungua akaunti huulizwa mambo machache: namba ya simu au anwani ya baruapepe, tarehe ya kuzaliwa, nywila, na jina atakalojulikana kwalo. Namba na tarehe hunakiliwa tu. Nywila hutungwa, lakini hutungwa ili isisomwe na mtu. Jina ndilo pekee linalotungwa ili lisomwe. Kwa hiyo ni matini, fupi kuliko methali nyingi, yenye mtunzi, hadhira na muktadha. Mtaala wa fasihi simulizi nchini Kenya huiweka lakabu miongoni mwa semi, pamoja na methali na misimu. Mwanafunzi wa sekondari anafundishwa kuuliza lakabu inasema nini kuhusu mwenye kuibeba.

Watunga sera hawaulizi hivyo. Kwao jina la mtumiaji ni kifuniko cha kufunuliwa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotungwa Tanzania mwaka 2018 ziliwataka watoa huduma wawe na njia ya kumtambua aliyetoa maudhui, na ziliwatoza wenye blogu na majukwaa ada ambazo kwa pamoja zilifikia takriban shilingi milioni 2.1. Sababu ya kutunga kanuni za namna hiyo inaeleweka. Matusi, uzushi na uchochezi huumiza watu halisi, na aliyeumizwa anahitaji mtu wa kumdai. Tatizo ni kwamba hoja hiyo inayachukua majina yote kuwa ya aina moja.

Washairi na masanduku yao ya posta

Upande wa pili wa mjadala una jibu la haraka: Waswahili wamejipa majina tangu zamani. Ni kweli, na ushahidi ni mwingi. Khamis Amani alijulikana kwa ushairi wake kama Nyamaume. Andanenga alijiita Sauti ya Kiza. Akilimali, ambaye diwani yake ilitoka mwaka 1963, alijiita Snow-White. Wanaolalamika leo kwamba vijana wanajipachika majina ya Kiingereza huenda hawajalifungua jalada la diwani hiyo. Kabla yao, vyama vya ngoma ya beni, ambavyo historia yake iliandikwa na Terence Ranger mwaka 1975, viliwagawia wanachama vyeo vya kijeshi na vya kifalme vya Ulaya. Karani au kuli aliyepewa amri na Mzungu mchana kutwa aliweza kuwa na cheo kikubwa jioni katika Marini au Arinoti. Wasanii wa muziki wa kizazi kipya wamefuata njia hiyo hiyo.

Hata hivyo, ulinganisho huu unatumiwa kwa wepesi mno. Shairi la gazetini aghalabu lilimalizikia kwa lakabu, jina la mtunzi na sanduku lake la posta, vyote vikiwa pamoja. Mhariri alimjua mtunzi. Mpinzani aliyetaka kulumbana naye aliweza kumwandikia. Lakabu ilikuwa cheo kilichovikwa juu ya jina, nalo jina lilibaki chini yake likisomeka. Mtandaoni lakabu mara nyingi hukaa mahali pa jina, na anwani haipo. Anayesema kwamba watumiaji wa leo ni Sauti ya Kiza wapya ameuona mfanano akaacha tofauti, ilhali tofauti ndiyo inayowahangaisha watunga sheria. Utetezi wa lakabu usiokiri jambo hilo hauwezi kumshawishi mshauri wa waziri yeyote.

Mashine nayo ni mtunzi

Kabla ya kuuliza nia ya mtumiaji, inafaa kuangalia mtambo unamruhusu nini. Twitter, ambayo sasa inaitwa X, huruhusu jina la akaunti lenye herufi zisizozidi 15. Instagram huruhusu 30. Nafasi kati ya maneno hairuhusiwi. Kwa lugha inayojenga maneno kwa kuongeza viambishi, na inayounganisha nomino kwa kihusishi cha umilikishi, masharti haya si madogo. Kijana anayetaka kujiita Mwanaharakati Huru atahitaji herufi 17, basi atakata. Mtoto wa Mwanza atapenya, ila itambidi aandike MtotoWaMwanza au aweke mistari ya chini kati ya maneno. Alama ya ritifaa katika ng' nayo haikubaliwi, kwa hiyo Ng'ang'a hugeuka Nganga, neno ambalo katika lugha nyingi za Kibantu humtaja tabibu wa jadi. Msomaji wa mbali anaweza kudhani kwamba mwenye akaunti anatangaza uganga.

Namba zina kisa chao. Jina likishachukuliwa na mwingine, mtambo hupendekeza tarakimu, na wengi huongeza mwaka wa kuzaliwa. Wengine huongeza 254, 255, 256 au 250, yaani msimbo wa simu wa nchi. Jambo lililoanza kama uhaba wa majina limekuwa bendera. Asomaye 254 mwishoni mwa jina huambiwa kwamba hapa anazungumza Mkenya kama Mkenya, hata kama mwenyewe yuko Doha au Minneapolis. Anayefanya hivyo anajitambulisha wazi kabisa kwa hadhira aliyoichagua.

Lipo pia suala la jinsia, ambalo wachambuzi wanaoegemea data za Kiingereza hulipita bila kuliona. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika viwakilishi wala katika viambishi vya nafsi. Mtu anaweza kuandika mambo elfu moja, na wenzake wakamjadili kwa "amesema" na "amekosea" kwa miaka, pasipo jinsia yake kujulikana. Hata salamu imejirekebisha: katika majukwaa ya Tanzania neno "mkuu" hutumika kwa kila mtu. Katika mazingira hayo jina la akaunti huwa karibu mahali pekee ambapo jinsia inaweza kutajwa au kunyamaziwa. Mwanamke anayejiita Bint Fulani amechagua kuonekana. Anayejiita Mama Fulani ameomba heshima iliyo katika neno hilo, na mara nyingi huipata, kwa kuwa si rahisi kumtukana mama wa watu mbele ya watu. Anayechukua jina la mti, mto au kiungo cha chakula amejipunguzia ujumbe wa usiku wa manane kutoka kwa wanaume asiowajua. Kusema kwamba huyu wa tatu anakwepa uwajibikaji ni kutojua anachokikwepa.

Jina halisi ni lipi?

Kampuni za teknolojia zilijaribu kulitatua suala hili kwa amri. Google+ ilipoanza mwaka 2011 ilidai majina halisi; mwaka 2014 iliondoa sharti hilo. Facebook iliendelea nalo, na mwaka huo huo wa 2014 ililazimika kuwaomba radhi wasanii ambao akaunti zao zilifungwa kwa sababu ya majina yao ya jukwaani. Kosa la kampuni hizo lilikuwa kudhani kwamba kila mtu ana jina moja lenye sehemu mbili, la kwanza likiwa lake na la mwisho la ukoo.

Rwanda na Burundi zinatosha kuipinga dhana hiyo. Ndugu wa baba na mama mmoja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana hata kwa herufi, kwa kuwa kila mtoto hupewa lake, mara nyingi likiwa sentensi kamili: Habimana hutamka kwamba Mungu yupo. Tanzania humwandika mtu kwa jina lake, la baba na la babu. Mwanamke wa mtaani huitwa Mama Asha na majirani ambao huenda hawajui kabisa jina lililo katika kitambulisho chake. Ukimtafuta kwa jina hilo la kitambulisho, watoto watakuambia hakai hapa. Je, akijiandikisha kama Mama Asha amedanganya?

Kujificha kwa nani?

Nchini Tanzania, tangu Januari 2020, laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Mwenye akaunti iliyofunguliwa kwa namba yake ya simu anajulikana na kampuni ya simu hata akijiita Jini Kisirani. Kwa sehemu kubwa, basi, lakabu haimfichi mtu kwa mwenye mitambo. Inamficha kwa mkwe, mwajiri, mwalimu mkuu, mchungaji, imamu na jirani. Muuguzi anayeeleza uhaba wa dawa, kijana anayeuliza kuhusu ugonjwa wa zinaa, mwalimu anayelalamikia mshahara: hawa wanajikinga kwa upande, dhidi ya watu wanaoonana nao kila siku. Uhakiki mwingi umelitazama jina kana kwamba limeelekezwa juu tu, kwa dola.

Wapo wanaolielekeza juu, na kwao bei ni kubwa zaidi. Uganda ilikuwa na akaunti ya Tom Voltaire Okwalinga, iliyoishambulia serikali kwa miaka kadhaa. Hakuna sehemu ya jina hilo iliyowekwa ovyo. Tom ni wa kawaida, hata wa kuchosha. Okwalinga lina umbo la majina ya mashariki ya Uganda, na linamfanya mwandishi awe mwenyeji. Katikati ameketi Voltaire, ambalo lenyewe ni lakabu ya Mfaransa François-Marie Arouet, aliyefungwa kwa maandishi yake. Anayelisoma jina lote ameshaambiwa aina ya maandishi yatakayofuata na hatari anayoitarajia mwandishi. Mwanasheria mmoja wa Kampala aliishitaki Facebook jijini Dublin akitaka mwenye akaunti hiyo atajwe. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Ireland ilikataa, baada ya kuonyeshwa kwamba uhai wa mtu huyo ungekuwa hatarini.

Tanzania ilikuwa na Kigogo2014. Neno kigogo, kwa maana ya mkubwa mwenye mamlaka, linaeleweka pande zote mbili za mpaka. Kenya wamelitahini darasani kupitia tamthilia ya Pauline Kea. Mkosoaji wa wakubwa aliyejiita mkubwa alikuwa anadai, kwa neno moja, kwamba yumo ndani na anayaona yanayofanyika. Hiyo ni kejeli, na papo hapo ni madai ya kuaminika.

Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa na kufikishwa mahakamani Dar es Salaam. Miongoni mwa mashtaka yake lilikuwemo la kuzuia uchunguzi kwa kutotoa taarifa za watumiaji, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Desemba 2024 vijana kadhaa nchini Kenya waliokuwa wakiikejeli serikali mitandaoni walitekwa, na baadhi yao walirejea Januari 2025. Mtafiti anayeorodhesha majina ya watumiaji kwa ajili ya kuyachambua hana budi kukumbuka kwamba orodha yake inaweza kusomwa na watu wasio na haja na isimu.

Istilahi na sera

Korea Kusini ililijaribu suala hili kwa kiwango cha taifa. Kuanzia mwaka 2007 tovuti kubwa zilitakiwa kuthibitisha utambulisho wa kila anayeandika maoni. Mwaka 2011 wadukuzi waliiba taarifa za watumiaji wapatao milioni 35 wa Nate na Cyworld. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba iliifuta sheria hiyo. Mshauri wa sera wa Afrika Mashariki anayependekeza hatua ya namna hiyo anapaswa kueleza hifadhidata yake italindwa na nani kwa ubora kuliko ile ya Seoul.

Kwa wanaisimu, kazi ya karibu zaidi imo katika maneno. Katika taarifa kwa umma na hotuba za Kiswahili, jina lisilo la kitambulisho huitwa "jina bandia" au "jina feki". Bandia ni kivumishi cha noti na dawa: kilicho bandia kimeshahukumiwa kabla ya kuchunguzwa. Lakabu halina doa hilo, liko katika kamusi zote kuu, na wanafunzi wanalijua. Rasimu za kanuni zingeweza kulitumia kwa jina ambalo mtu amejitungia, na kuliacha neno bandia kwa akaunti inayojifanya kuwa ya mtu mwingine aliyepo, ikibeba jina na picha yake. Tofauti hiyo si ya wanakamusi peke yao. Tapeli anayewaomba watu fedha kwa ahadi ya ajira au mkopo hajiiti Sauti ya Kiza. Hujiita kwa majina mawili kamili ya ofisa anayejulikana, yaliyoandikwa bila kosa, na sharti la jina halisi lingempitisha.