Sikio la Bibi Kizee: Mizani ya Kupimia Hadithi Zetu

Katika shule zetu za sekondari mwanafunzi hufundishwa mapema kwamba hadithi nzuri ina mwanzo, mgogoro, kilele na utatuzi, na kwamba wahusika wake ni wa aina mbili, bapa na duara. Maneno haya hukaririwa kama majedwali ya hisabati, na ni nadra mwalimu kuuliza yametoka wapi. Hayo ya bapa na duara asili yake ni E. M. Forster, aliyeyatumia katika mihadhara yake ya Cambridge mwaka 1927, alipokuwa akichambua riwaya za Uingereza na za majirani zake wa Ulaya. Hakuwa akizungumzia Ukerewe wala Unyamwezi, na hatuna haki ya kumlaumu. Lakini hapa Kagongwa, ambapo mpunga hukobolewa na kuuzwa, hata mtoto anajua kwamba gunia halipimwi kwa futi kamba.

Nami nimo katika kosa hili. Miaka kadhaa iliyopita niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha pili zoezi la kuandika hadithi waliyoisikia nyumbani. Msichana mmoja aliandika habari za Masala Kulangwa, zinazojulikana sana kwa Wasukuma. Zimwi Shing'weng'we limewameza watu wote na mifugo yao; mama mmoja mjamzito amesalimika; mwanawe anakua, anauliza watu wako wapi, analisaka zimwi na kuliua, kisha analipasua tumbo na watu wanatoka. Msichana hakuishia hapo. Kisu cha Masala kilimkata sikio bibi kizee aliyekuwamo tumboni, naye akatoka akiwa na hasira, akitaka kulipiza kisasi. Kurasa mbili nzima zilieleza jinsi kijana alivyohangaika kutafuta dawa ya kumponya. Nikaandika kwa wino mwekundu: kilele kimekwisha pita, hadithi inaendelea bila sababu. Nikampunguzia alama.

Aliyenizindua ni Aniceti Kitereza. Mzee huyo wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakupata wa kuichapisha. Hatimaye akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 katika vitabu viwili, yaani baada ya miaka 35. Mwaka uliofuata mwandishi akafariki dunia.

Msomaji aliyelelewa katika kanuni za darasani huanza kuchoka mapema. Watu wanasalimiana mpaka ukurasa unakwisha. Mgeni anakaribishwa, chakula kinapikwa na mapishi yake yanaelezwa, na jambo lililomleta bado halijatajwa. Mgogoro wenyewe hauna mwovu: ndoa haijajaliwa mtoto, ndugu za mume wanamsimanga mke, na baba yake Bugonoka anakuja kumchukua bintiye. Myombekere anapokwenda kumdai mkewe, wakwe wanamtoza faini ya pombe ya ndizi. Yaelekea mhakiki wa kanuni atasema kwamba maelezo ya utengenezaji wa pombe hiyo ni mapambo ya kimila, na kwamba yangeweza kufutwa.

Tuyafute basi, tuone kinachobaki. Ndizi huvundikwa mpaka ziive, hukamuliwa, kisha maji yake hungojwa yachachuke. Mume asiye na mke nyumbani hawezi kuifanya kazi hiyo peke yake bila kuwaendea jirani na jamaa, na kila anayeombwa msaada anajua kwa nini anaombwa. Adhabu haimo katika mitungi tu, bali katika siku za kungoja na katika aibu ya kuomba. Mwandishi angeandika kwamba Myombekere alilipa faini akarudishiwa mke, tungepata habari tu. Uchungu wa mtu huyo tusingeujua. Na zile salamu ndefu? Mkwe anayerukia shida yake kabla ya kujuliana hali na wenye mji amekwisha jiharibia kesi. Kwa hiyo msomaji aliyekulia katika mila hizo hasomi salamu akipitisha muda. Anatega sikio asikie zinaitikiwa kwa sauti gani.

Jambo hili si la Kanda ya Ziwa peke yake. Katika riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, ambayo Clement Ndulute aliifasiri mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo, Okoye anakwenda kudai deni kwa Unoka. Lakini kwanza kola inamegwa na mazungumzo yanazunguka mbali. Wanafunzi wangu, ambao hawajaona kola, walicheka mahali panapostahili bila kusubiri maelezo.

Sisemi kwamba kila mila iliyotiwa kitabuni ni sanaa. Kitereza alikusudia pia kuwahifadhia vijana desturi za wahenga, na pengine, hasa katika kitabu cha pili, nia hiyo njema inamlemea: msimulizi ananyamaza na mwalimu anashika chaki. Mahali hapo hata Mkerewe ana haki ya kupiga miayo. Kezilahabi, naye mwana wa Ukerewe, alikwenda njia nyingine. Rosa Mistika (1971) yaweza kusomwa kwa kanuni za darasani bila taabu kubwa. Nagona (1990) huzikataa kabisa. Kati ya vitabu hivyo viwili, mwaka 1985, aliandika huko Wisconsin, Marekani, tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Mwenye kudhani kwamba mwandishi huyo alipotea njia baada ya Rosa Mistika hana budi kulikumbuka hilo.

Baada ya kumsoma Kitereza niliirudia hadithi ya Masala. Kwa mizani niliyokuwa nayo, kuua zimwi ndiyo kazi na sikio ni mkia wa hadithi. Lakini kila shujaa wa dunia huua zimwi. Masala anaulizwa swali gumu zaidi: wewe uliyetuokoa, utamlipaje uliyemjeruhi ulipokuwa ukituokoa? Myombekere naye hushughulika na madhara ambayo si yeye aliyeyaanzisha, nayo hayatengenezwi kwa pigo moja la kisu. Kurasa mbili za msichana yule zilikuwa ndiyo hadithi yenyewe.

Nilimtafuta ili nimrudishie alama zake. Alikuwa amekwisha maliza shule.