Sinema ya Vita vya Algiers na Deni la Wanawake

Mjukuu wangu alinionyesha sinema ya zamani, The Battle of Algiers, aliyoitengeneza Mtaliana Gillo Pontecorvo mwaka 1966, juu ya Waislamu wa Algeria walivyopigana na Mfaransa. Nimeitazama mara mbili, nami nina la kuisifu na la kuilaumu.

Nianze na sifa. Wamo humo wanawake watatu mbele ya kioo. Wavua haik, yaani buibui lao jeupe, wavaa nguo za Kizungu, wapate kupita mbele ya askari na mabomu mikobani. Baadaye twaona wanaume nao wamejitanda haik ile ile, wakiwakimbia askari. Ndivyo vita vifanyavyo: hugeuza nguo, hugeuza kazi, hugeuza nani atoke na nani ajifiche. Wala mtengenezaji hakuficha ubaya. Mkahawani atuonyesha nyuso za watu wasio na silaha, na mtoto akila aiskrimu, kabla bomu halijalipuka. Mtume (s.a.w.) amekataza kuuawa wanawake na watoto vitani, na dhulma ya mkoloni haiihalalishi haramu hiyo.

Ama lawama yangu ni hii. Wanawake wale hawasemi ila machache, na sinema yaishia kwa vigelegele na mwanamke apungaye bendera, kana kwamba mambo yamekwisha. Hayakwisha. Wanawake karibu 11,000 waliandikishwa kuwa walishiriki vita vile. Wengi wao hawakubeba bomu: walipika, waliwaficha wapiganaji, waliwauguza majeruhi. Hao sinema yawapita mbio. Uhuru ukaja mwaka 1962, na wengi wakarudishwa jikoni pasi na kuulizwa neno. Mwaka 1981 baadhi yao waliandamana Algiers kupinga mswada wa sheria ya ndoa uliotayarishwa kwa siri. Sheria ikapitishwa mwaka 1984.

Usinifahamu vibaya, msomaji. Sisemi sharia ya Mwenyezi Mungu ibadilishwe kwa sababu ya vita. Nasema kushauriana nako ni amri Yake. Bibi Nusayba bint Kaab alimkinga Mtume kwa upanga siku ya Uhud, naye Mtume akamtaja kwa sifa mbele ya watu. Hakumtumia siku ya shida akamsahau siku ya raha.

Nasi tusiwacheke Waalgeria. Baada ya Mapinduzi ya Unguja ya mwaka 1964, nyumba ngapi baba alikimbia au alifungwa, mama akabaki kukaanga mandazi na kushona kofia ili watoto wale na waende chuoni? Wako waliorudi wakamkuta mke amesimamisha nyumba, na siku ile ile wakamnyang'anya ufunguo wa kasha, bila hata ahsante.

Basi ikiwa mama wa namna hiyo yu hai nyumbani kwako, kaa naye leo umuulize alipitaje miaka ile. Kisha umsikilize mpaka amalize. Wabillahi tawfiq.